Kilo za Uongo

Mchana mimi ni mpimaji, Mwaloni Kirumba.
Gunia la dagaa likipanda kwenye mizani
natazama mshale, sitazami uso wa mtu.
Kuna mchuuzi nilimkamata ameficha jiwe katikati ya dagaa,
jiwe la ukubwa wa ngumi.
Nililitoa mbele za watu, nikaliweka dirishani.
Lipo mpaka leo, nagandamizia karatasi.

Jioni, kitambi kiliponishinda kufunga mkanda,
nikapanda Igogo kwa Nkwimba.
Jimu yake imeegemea mwamba:
kuta tatu bati, ukuta wa nne ni jiwe lenyewe,
jasho la watu limelilainisha.
Vyuma ni ekseli za malori,
uzito ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege,
kila kopo na kilo zake kwa chaki.

Sikupasha mwili.
Nilisema, si nimepanda mlima kutoka barabarani?
Nikamtazama Shija, fundi pikipiki,
alichonyanyua yeye nikaongeza kopo moja.
Sikumuuliza ana miaka mingapi humo ndani.

Nikabana pumzi
kama mtu anayepita kwenye mapipa ya utumbo wa sangara.
Nikachuchumaa nusu,
nikahesabu: moja.
Nusu tena: mbili.
Nilipofika kumi niligeuka huku na huku
kuona nani ameona.

Asubuhi yake
ngazi za nyumbani nilishuka kinyumenyume.
Kazini kalamu ilinidondoka.
Luhende, mbeba mizigo, mwembamba kama kasia,
aliniangalia ninavyoiendea, mgongo umepinda kama ndoana,
akaweka gunia lake chini, akachuchumaa,
akaniokotea. Hakusema kitu. Akabeba gunia lake, akaenda.

Nami nikadhani maumivu ndiyo faida.
Nikarudi jioni ile, na kesho yake, na Jumapili,
tumboni chai ya rangi na kitumbua kimoja,
mikono na kifua, kifua na mikono,
kwa sababu kioo cha Nkwimba ni kipande cha kabati la zamani
na kinaishia kiunoni.
Miguu humo haina shahidi.

Wiki ya tatu bega likagoma.
Hata shati nilivalishwa na mke wangu,
anacheka, anafunga vifungo, anacheka.

Nkwimba alikuwa ameketi juu ya dumu, anamenya chungwa.
Akaniuliza, macho kwenye ganda:
«Wewe si ndiye mpimaji wa Mwaloni?»
«Ndiye.»
«Yule asiyehongeka?»
Nikavimba kidogo. «Ndiye.»
«Basi gunia lako lina jiwe.»

Shija akaacha kunyanyua.
Nikasikia matone ya chungwa yakianguka kwenye vumbi.

Bega lilipopona alinipa mpini wa jembe,
mtupu, bila jembe lenyewe,
mimi mtu mzima, baba wa watoto watatu,
wiki mbili na mpini,
vijana wakinipita na makopo yao.
Vuta pumzi ukishuka. Toa ukipanda.
Kisigino chini. Chini, nimesema.
Kesho usije, kalale. Kula ugali, kula samaki,
unapima samaki kutwa nzima na huli?

Jana akaniwekea ekseli, na kopo moja kila upande,
yale madogo.
Nikashuka mpaka mwisho wa kushuka,
mapaja yakitetemeka
kama mshale kabla haujatulia.
Nikapanda. Nikashuka.
Ya nne ilikataa katikati ya njia,
na mdomo wangu ulikuwa tayari kusema nne.

«Tatu,» nikasema.
Akaandika kwenye daftari: tatu.

Leo nimefika kazini mapema, kabla ya wachuuzi.
Nimelichukua lile jiwe dirishani
nikaliweka kwenye mizani.
Miaka sita linanitazama, sikuwahi kulipima.
Gramu mia saba na ushee.
Nimelirudisha mahali pake.
Halikuwa zito kama nilivyokuwa nikisimulia.