Jiwe la Luhende

Nimekuja mjini na ndoo ya michembe,
mzigo wa shangazi Holo kwa mwanawe wa Mabatini,
na agizo moja ambalo halikupimwa kwenye mzani:
"Ukimaliza, panda kule juu, kwenye nyumba ya Mjerumani.
Litafute jiwe la babu Luhende.
Aliliweka kichwa chini."

Barabara ya kwetu Kahangara inaingia Mwanza
kama mtu anayebisha hodi alfajiri, mikono imejaa:
maziwa ya Kisesa ndani ya madumu ya mafuta ya kula,
nyanya za Nyanguge, mkaa, kuku wamening'inizwa miguu,
baiskeli imebeba kitanda cha kamba, na kitanda kimebeba mtoto.
Kila kukicha vijiji vinaingia mji huu.
Kila jioni vinatoka,
vimepungua kidogo.

Kilimani upepo ni mwingine.
Nyumba zimekaa juu ya mawe kama kuku waatamiao,
na ile niliyotumwa, kongwe kuliko zote,
madirisha yake yote yanatazama ziwa.
Nimeizunguka mara mbili kuhakikisha.
Upande unaotazama tulikotoka
kuna ukuta, bomba lililopasuka,
na mlango mfupi wa kupitishia kuni.

Mlinzi anafungua daftari. Mgeni au mwenyeji?
Mgeni elfu tano, mwenyeji mia tano.
Safu ni mbili tu, zimepigwa kwa rula.
Kalamu imefungwa kwa uzi, nami nimeishika
kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake mbele ya watu.
Naandika KAHANGARA, herufi kubwa,
juu ya mstari wenyewe.
Anasoma polepole. "Mwangaluka," ananiambia.
Anachukua mia tano. Stakabadhi hatoi.

Waliyapandisha mawe haya kutoka bondeni, mtoni Mirongo,
wawili kwa jiwe, ngata za majani ya mgomba vichwani,
na mnyapara akihesabu kwa punje za mtama:
jiwe moja, punje moja;
punje ikipungua, kiboko.
Luhende hakuwa na Kijerumani cha kujibia.
Lakini kwao jiwe lina kikao chake,
upande uliozoea jua, upande uliozoea udongo,
na asiyejua hilo hata kichanja cha vyungu hajengi.
Basi zamu yake ilipofika
akaligeuza, akaweka udongo juu,
akapangusa mikono.
Nyumba iliyolala vibaya, alisema, haimkalishi mwenyewe.

Na kweli, Mjerumani hakukaa.
Akaja Mwingereza na mbwa wake, naye akaondoka.
Zikaja karani na mihuri, yakaja magunia ya pamba,
sasa wamekuja popo.
Luhende naye alirudi Kahangara na mgongo
ambao haukunyooka tena hadi kaburini,
ikabidi wachimbe pana.
Hilo shangazi hulisema kwa haraka,
akiwa anapepeta kitu.

Ninapapasa ukuta. Wamepaka chokaa juu ya chokaa.
Jiwe hili lina doa; lile lina ufa, mjusi katoka.
Naweka shavu. Baridi tu.

"Unatafuta lililogeuzwa," anasema mlinzi nyuma yangu.
Anaitwa Buyegi, wa Kayenze.
"Wiki iliyopita alikuja mzee wa Usagara.
Kabla yake, mama mmoja wa Misungwi na wajukuu.
Kila mmoja babu yake aligeuza jiwe."
Anacheka bila sauti, anautazama ukuta
kutoka msingi hadi paa.
"Mimi wangu, wanasema, ni hapo juu ya mlango."

Tumesimama. Chini yetu mji unapiga honi,
mabati yanawaka, ziwa limetulia kama halijaulizwa kitu,
na nyuma ya ukuta, kusiko na dirisha,
moshi wa vijiji unapanda, mmoja mmoja.

Nitamwambia shangazi nimeliona.
Atauliza, wapi?
Chini kabisa, nitasema, kona ya upande wetu,
limebeba mengine.
Atanitazama kidogo.
Kisha atauliza ndoo yake iko wapi.