Safu ya Tatu

Fomu imefika kutoka ofisi ya vijana, ina muhuri.
Safu ya kwanza, majina. Safu ya pili, umri.
Safu ya tatu: walioongoka msimu huu, kwa tarakimu.
Mimi ni refa. Safu nizijuazo ni ulinzi, kiungo na mashambulizi.
Nimekaa na kalamu tangu magharibi,
kalamu inavuja, chai imeshika utando.

Niandike nini?
Kwamba uwanja wetu wa Magongo hauna nyasi,
una changarawe na vigae vya chupa
tunavyoviokota kila Jumamosi kabla ya sala,
bega kwa bega, mgongo chini,
kama ukoo mzima uliodondosha shilingi moja?
Kwamba ndege zikitua hupita chini mno
hata kipa wetu Mwanyalo hufumba macho,
na bao moja liliingia hivyo, nikalikubali,
na hadi leo akinipa mkono wa amani kanisani
anaupa ubaridi kidogo?

Kuna jozi moja ya njumu.
Iliachwa na shemasi aliyehamishiwa Taveta, namba arobaini na mbili.
Kitsao hupiga kwa kulia, Mbwarali kwa kushoto:
kila mmoja kiatu kimoja,
mguu wa pili unaungua mchangani.
Mbwarali si wa kanisa letu. Babake huadhini kule bondeni,
na sauti yake ikipanda, mechi husimama.
Hakuna kanuni ya mpira isemayo hivyo.
Mpira wenyewe hukaa chini ya soli yangu, ukingoja.
Akirudi, maji bado yanamtiririka viwikoni,
atakuta Kitsao amekitunza kile cha kushoto,
amekitundika shingoni kwa kamba zake.
Hao nao, kwa tarakimu, ni wangapi?

Halafu ikaja ile mechi ya Miritini.
Sitaki kuisimulia, lakini fomu inataka ukweli.
Kitsao alichelewa nusu hatua,
na mguu wa Ngumbao ukalia kama muwa.
Nilimwonyesha nyekundu huku mkono ukinitetemeka.
Alitoka bila kugeuka. Mama mmoja wa Miritini
alimrushia neno ambalo siwezi kuliandika kwenye karatasi ya kanisa.

Jumatatu hakuja mazoezini. Jumanne pia.
Jumatano nikamfuata hadi kwao; nikaambiwa huonekana usiku tu.
Nilimkuta Miritini, uani kwa kina Ngumbao,
amekalia kibao cha mbuzi, anamenya viazi.
Mama mtu hukaanga viazi karai jioni,
na mtoto wa kumtekea maji ndiye yule aliyelala ndani,
plasta mpaka gotini.
Ndoo mbili zilikuwa zimejaa, ya tatu nusu.
Mkabala naye, Mbwarali anakoroga unga na bizari,
kwa kuwa, alisema, kiatu kimoja hakichezi.

Nikauliza, sauti yangu ya kirefa:
Kitsao, nani kakutuma huku?
Akakata jicho la kiazi, akalitupia kuku.
"Dada Mghoi, wewe ulisema nitoke.
Hukusema niende wapi."

Nilisimama pale na filimbi shingoni
kama mtu aliyebeba ufunguo wa nyumba isiyo yake.
Nikavuta kigoda. Nikaomba kisu.

Sasa ni saa nne usiku, na fomu inatakiwa Ijumaa.
Majina nimejaza. Umri nimejaza,
ingawa Mwanyalo hujiongezea mwaka kila akiulizwa.
Safu ya tatu kalamu imeivujia doa,
na sina karatasi nyingine.

Chini kabisa, palipoandikwa Maoni, nimeandika:
Tunaomba njumu, namba arobaini na mbili.
Hata ya kulia pekee.
Ile tuliyokuwa nayo imetundikwa Miritini, kwenye msumari juu ya kitanda,
inangoja plasta ikatwe.