Namba Kinyume

Sechambo kaibandika plasta alama ya otomatiki.
"Geuza mwenyewe," kasema, karudi kukata paspoti.

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, saa nne.
Jua limeishia kizingitini.
Mwanamkasi kakaa ndani kidogo, nyuma ya cherehani,
futi shingoni, kidevu kimekazwa
kama anaapishwa.

Ya kwanza: nyeupe. Yeye hayumo, ukuta haumo.
Ya pili: giza la kisima.
Ya tatu, mlango umetoka vizuri sana.

Namwambia, lenzi hii ina wazimu:
namba ikipungua, tundu linapanuka.
Anacheka. "Na uzi je?
Sitini ni mwembamba kuliko arubaini.
Miaka yote unavaa mashati, hukuuliza?"

Nikashusha mpaka mbili nukta nane.
Ukuta ukalainika kama ubwabwa.
Shata nikaisahau palepale ilipolala, chini.

Naye kanisahau: kalamba uzi,
kafumba jicho moja,
anatafuta tundu la sindano.

Nikabana pumzi.

Mkono umetikisika, uzi umekuwa moshi,
lakini lile jicho lililo wazi,
kope zake unaweza kuzihesabu.

"Futa hiyo," anasema. "Sikuwa tayari."