Hakuulizwa

Miaka thelathini na moja nimeketi chini ya ngazi
katika maktaba ya jumba la sanaa, mjini Łódź,
nikipima vitabu kwa rula ya chuma:
kimo kwa sentimita, kikizidi hata unywele hesabu nzima;
kurasa zisizo na namba, mabano ya mraba.
Mabano yale ndiyo adabu yetu.
Maana yake: hili hukuniambia wewe,
nimelikisia mwenyewe, niwie radhi.

Shemeji yangu Kazik huniuliza kila Krismasi
kama bado tunafuta vumbi.
Namjibu ndiyo.
Samaki hupoa mezani ukianza kueleza nukta mkato.

Lakini nukta mkato ina uzito wake.
Tulikaa Wrocław siku mbili, watu kumi na wanne, birika moja la chai,
tukibishana juu ya mchoraji aliyebadili jina mara tatu:
kwa ndoa, kwa vita, kwa woga.
Kanuni hutaka jina moja,
mengine yaelekezwe kwake kama vijito.
Nilinyoosha mkono pamoja na wengi.
Usiku ule hotelini sikupata lepe la usingizi:
tulikuwa tumechagua lile la woga,
maana ndilo lililochapishwa mara nyingi.

Mwaka wangu wa ishirini na mbili likaja sanduku
kutoka kiwanda cha nguo kilichofungwa.
Daftari sita za ruwaza za vitambaa,
mipopi, mashayiri, ndege wasio na miguu,
wekundu bado mbichi kana kwamba brashi imeoshwa jana.
Na kadi ya taipu, imekunjika pembe:
Msanii: hajulikani.
Basi.

Ukurasa wa mwisho, pembeni, kwa penseli:
mashuka manne
soksi za Jaś
Genowefa arudishe beseni langu

Hajulikani, mtu mwenye soksi za mtoto za kufua?
Hajulikani, mtu anayedai beseni lake?

Nikapanda tramu hadi nyumba za matofali za wafanyakazi,
nikabisha milango mitano.
Wa sita alifungua bibi mwenye unga mikononi.
Akatazama picha moja tu.
“Huyu ni Stefa. Stefa Gajda, wa ghorofa ya tatu.
Mtaa mzima ulimjua.”
Akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu,
kidole kimoja kimoja.
“Mbona hamkuuliza?”

Nikapeleka hoja kwenye kamati.
Katika orodha ya maneno yaruhusiwayo,
kando ya *hajulikani*,
naomba tuongeze *hakuulizwa*.
Wakacheka, si kwa ubaya.
Mwenyekiti Ostaszewski akasema
kanuni si kizimba cha kutubia dhambi.
Miaka saba nilirudi na hoja ileile,
na koti lilelile.
Mwisho wakanipa uga wa maelezo,
wa hiari, wa hapa kwetu tu,
ambao mashine ya kutafutia hata haiusomi.

Nimeujaza mara mia nne na kumi na mbili.
Mpiga picha “na mkewe”.
Vinyago “vya kabila fulani”.
Mchora ramani “kijana wa ofisini”.
Hakuulizwa. Hakuulizwa. Hakuulizwa.

Leo ni Ijumaa, naondoka.
Kitini pangu ameketi Nazar, kijana wa Kharkiv,
ambaye jina lake mipakani limeandikwa kwa tahajia nne
na hakuna hata moja, asema, ambayo mama yake angeitikia.
Nimemwonyesha rula, nenosiri, dirisha linalokwama.
Nimemwonyesha rekodi ya Stefa:
tarehe ya kuzaliwa, takriban;
tarehe ya kufa, mabano matupu.

Amesoma hadi chini, midomo ikicheza.
Kisha ameinua macho:
“Na beseni? Alirudishiwa?”

Nimesimama na koti mkono mmoja umeingia, mmoja bado.
Yule bibi wa unga alikuwa mbele yangu,
hai, chai mbili zilikuwa mezani.

Sikuuliza.