Dume kwa Machotara

Shemeji Musobo kaja na picha tatu kwenye simu,
kanipangia kama karata:
"Chagua, Yeko. Majike hawatangoja
umalize kufikiri."

Wa kwanza, Merino. Sufu imemfunika hadi machoni.
Milioni moja na laki tatu, na haoni anakokwenda.
Nani atamnyoa hapa Kaproron?
Mkasi wetu uliishia kukata nyaya za uzio,
na sufu ya mwaka juzi ingali guniani,
panya wamezalia humo mara mbili.

Wa pili, Doper. Kichwa cheusi, mwili mweupe,
mapaja kama magunia ya viazi siku ya soko.
"Huyu," asema Musobo, "watoto wake wana wateja
kabla hawajaachishwa ziwa."
Kweli. Mwenye hoteli kule Kapchorwa kanipigia mwenyewe.
Lakini mimi natazama kichwa.
Kichwa kile lazima kipite mahali.

Mwaka ule marehemu aliazima dume kutoka ng'ambo ya Suam,
watu wakapanda mlima kuja kumpapasa mgongo.
Miezi mitano baadaye hakuna aliyepanda.
Nilikuwa na kurunzi mdomoni,
mkono hadi kiwiko ndani ya kondoo wangu Kofia,
natafuta kwato, nakuta paji la uso,
pana kama kiganja changu.
Kulipokucha nilianika ngozi mbili,
moja ya kutandika kitandani,
moja isiyotosha hata kigoda.

Wa tatu Musobo alimpitisha upesi, kama mtu anayeficha kiraka:
mwekundu, wa kule chini Ngenge,
mkia umejaa mafuta, miguu mikavu kama kuni.
"Huyu alijichanganya tu humo. Laki mbili na nusu.
Utapandaje ngazi miaka kumi, kisha urudi chini?"

Nikamwambia, vaa buti, twende zizini.
Picha tatu za madume, na wenye matumbo hujawatazama.

Ishirini na watatu, wote mchanganyiko:
masikio ya huku, pua ya kule,
nusu sufu, nusu nywele,
koti lililoshonwa na mafundi wawili walionuniana.
Nami siwacheki. Mama yangu ni wa Bugisu;
katika kila msiba wa ukoo huu
kuna shangazi anayenipima miguu.

Nikawafunua kope, mmoja mmoja.
Mvua imenyesha wiki sita, minyoo imeamka.
Huyu ndani ya kope mweupe kama karatasi:
baba yake ndiye yule wa ng'ambo.
Huyu mwekundu kama nyanya iliyopasuka:
bibi yake alitoka Ngenge, tulimdharau, tukamla Krismasi.
Nikamwekea Musobo mkono juu ya nyonga za mitamba.
"Pima mwenyewe. Mlango huu unapitisha nini?"
Akapima. Akaufuta mkono kwenye suruali.
Akasema, ila watu watacheka.

Tukampigia mwenye yule mwekundu.
Nikauliza: mama yake alizaa vipi?
Alizaa mwenyewe, au alivutwa?

Simu ikanyamaza. Nikasikia kuku wake.
"Mama, nimeuza madume tangu sijaoa,
wananiuliza uzito, wananiuliza pembe.
Hili ngoja nimwulize mke wangu."

Yule mama akaja, anahema, kashika kitu kizito.
"Mama yake yule? Nilimwacha peke yake nikaenda kisimani.
Nilikwenda na ndoo moja,
nikarudi nikakuta wapo watatu,
na mmoja ameshanyonya."

Musobo alikuwa akitazama shayiri ng'ambo ya uzio
kama aliyeitiwa kitu huko.
Nikafungua fundo la leso,
nikaanza kuhesabu kwa sauti,
ili naye asikie.