Ini, Meza ya Tatu, Soko la Kadutu

Miaka ishirini na sita nimeuza maini.
Ini jema nililijua kwa kiganja kabla ya jicho:
ukingo mwembamba, ngozi inateleza
kama sabuni iliyolowa.
Ini bovu nalo nililijua, gumu, lenye vinundu,
ukilikata kisu kinalalamika.
Hilo niliwatupia mbwa wa Cimpunda
kabla mteja hajafika.

"Ni la leo, Papa Cishugi?"
"La leo, Mama. Bado linaota majani ya Walungu."

Ya ng'ombe niliyajua.
Langu sikuwahi kulishika.

Sikwenda hospitali kutafuta ugonjwa.
Binti yangu Nankafu alikuwa amejifungua kwa kisu,
damu ikatakiwa, nikanyoosha mkono.
Muuguzi akarudi na karatasi, bila chupa.
"Damu yako, Papa, hatuwezi kumpa mtu."
Mimi, ambaye damu ndiyo kazi yangu.

Wakanipaka mafuta baridi ubavuni.
Kwenye kioo ikanyesha mvua ya kijivu,
na ndani ya mvua kipande changu cha nyama.
Hepatite, alisema daktari, homa ya ini, aina ya B.
Imekaa humo tangu utoto, huenda.
"Na sikusikia kitu?"
"Ini halina kilio. Linabeba, linabeba.
Ukilisikia, limeshatua mzigo."

Akanieleza taratibu, kama ahesabuye noti zilizochakaa:
inapita kwa damu, kwa kitanda cha ndoa,
kwa mama na mtoto pale mlangoni mwa dunia,
kwa wembe mmoja wa chale.
Haipiti kwa bugali. Haipiti kwa salamu,
wala kwa kibuyu cha kasiksi.

Kibuyu.

Hapo nikamwona kaka yangu Mushagalusa,
macho manjano kama ganda la ndizi,
tumbo ngoma, miguu vijiti vya kuipigia.
Tulisema: karuho. Tulisema: amelishwa.
Jina likatafutwa, na jina halikosekani:
Mama Nsimire, muuza kasiksi, mjane,
hana mtu wa kumsemea.
Mganga akamtapisha kaka kwa mizizi siku tisa,
na kila alichotapika tukakiita ushahidi.
Siku ya kumi alitapika damu.
Usiku ule jiwe la kwanza juu ya bati la Nsimire
lilitoka mkono huu unaopima nyama.

Nani atajua sasa? Kaka hakupimwa.
Lakini tulichanjwa kifua siku moja, mimi naye,
nyanya akaufuta wembe kwa pindo la kitenge
akasema, "Anayefuata."

Sasa ni kidonge kimoja kila jioni, pengine hadi kaburini.
Primus nimeiaga.
Mke wangu amepimwa, yu salama, amechomwa chanjo,
na mjukuu alichomwa kabla hajapewa jina.
Hayo yote yalikuwa mepesi.

Zito lilikuwa kupanda ngazi za udongo hadi Panzi,
alikohamia, baada ya miaka kumi na mmoja,
na ini kilo moja na nusu ndani ya jani la mgomba,
lililopimwa, Mungu ananiona,
bila kidole changu juu ya mizani.

Nilisema nilichokwenda kusema. Kilikuwa kifupi.
Njiani kilikuwa kirefu.

Hakulia. Hakunitukana.
Aliligeuza lile ini, akabonyeza ukingo kwa dole gumba
kama mtu ajuaye.
Akakata kitunguu. Akawasha makaa.
Moshi ukatupa sote sababu ya kufuta macho.

Kisha akaweka sahani kati yetu,
akakunja mikono.

"Anza wewe," alisema.

Nikaanza.