Baridi ya Tabora, Mwezi wa Kumi

Saa saba mchana, Cheyo. Lami inanata kwenye ndala,
na Noah yangu inaamini imeamkia barafuni.

Inatapika moshi mweusi.
Ikishapata moto, ukiizima, kuiwasha tena ni kubembeleza.
Mafuta ya kunifikisha Ipole yanaishia Sikonge,
nami na madumu yangu ya asali kando ya barabara.

Fundi wa kwanza aliniuzia plagi.
Wa pili, sensa.
Wa tatu, sensa nyingine, "hii ya Japani kabisa."

Kalunde hakuniuzia kitu.
Aligusa mpira wa rejeta, akautoa mkono haraka:
"Injini inaungua, kompyuta inasikia baridi.
Ndiyo maana inajimiminia petroli, kama mtu anayeongeza blanketi."

Akaichomoa sensa, akaitumbukiza
kwenye kikombe cha maji ya chupa ya chai,
akagusisha nyaya za mita.
Namba zikashuka kama ndoo kisimani:
elfu mbili na ushee,
elfu moja,
mia tatu.
"Huyu anasema kweli. Na wale uliowatupa, huenda nao."

Kisha akaufuata waya kwa vidole, nyuma ya betri,
kama anayepapasa mwiba unyayoni.
Penye mkunjo, ngozi nzima;
ndani, shaba imekatika, imeota ukoga.

Mjumbe hauawi, tunasema.
Mimi nimeshaua wawili.

Elfu tano tu, na tepu juu.

Jioni nikapita kwa yule wa pili,
kuulizia sensa yangu ya zamani.
Alishaiuza.
Kwa bei ya mpya.